Mwaka Niliomfuata Mwewe

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msianze kwa kunitafutia makosa. Mimi niliachia shule darasa la nne, na haya nimeyaandika kwa mkono, kisha mjukuu wangu mkubwa akayachapa, na nilimkataza kugeuza neno hata moja. Mmezoea kuambiwa kwamba mtu hutengenezwa akiwa kijana, na akishafika thelathini ndiyo amekwisha kuwa vile atakavyokuwa. Huo ni uongo. Mwaka ulionitengeneza mimi nilikuwa na miaka sitini na moja, magoti yakiniuma, na nilikuwa nakaa kwa mwanangu Kamau, orofa ya nne, huku Kimbo, Ruiru. Sikuwa na nia ya kuusimulia. Lakini mwezi uliopita Nekesa alikuja kunitembelea pamoja na binti yake aliye gredi ya tatu, na yule mtoto akauliza mezani, mbele ya kila mtu, "Kwani shosho, wewe na mama mlijuania wapi?" Nekesa akanitazama. Kamau akaanza kutafuta sukari iliyokuwa mbele yake. Mimi nikamwambia mtoto anywe chai, nitaliandika jibu, kwa sababu ni refu na lina watu wazima ndani yake ambao hawakufanya vizuri, na wa kwanza wao ni mimi.

Nekesa alikuwa ametoka Bungoma kuja kumlea mtoto wa Kamau. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na alimwacha wake mwenyewe kwa mama yake, akiwa bado ananyonya. Huyo mtoto wa kwetu alipewa jina langu, Wairimu, kama desturi yetu ilivyo, na kwa hiyo mke wa Kamau humwita "mami" kama anavyoniita mimi. Nyumba ilikuwa na sebule, vyumba viwili vya kulala na jiko ambalo watu wawili hawawezi kugeuka ndani yake bila mmoja kutoka. Mimi na Nekesa tulilala chumba kimoja. Aliniita kukhu, ambayo ndiyo shosho, yaani nyanya, kwa lugha ya kwao, kwanza kwa kusahau, halafu kwa mazoea, nami sikumkanya. Asubuhi tulikuwa tunakula ngwaci, yaani viazi vitamu, zilizobaki jana na chai ya rangi kabla wengine hawajaamka, tukiongea polepole. Aliniambia habari za mtoto wake, jinsi alivyokuwa ameanza kusimama akishika kiti, jambo ambalo yeye aliambiwa tu kwa simu. Nguo tulikuwa tunafulia juu kabisa, kwenye paa la ghorofa, mahali penye matangi ya maji na kamba za nyumba zote ishirini na nne. Vibanio vilikuwa vichache siku zote. Nekesa alikuwa akibana zile nguo kubwa, na soksi za mtoto, kofia na bibu za kumfunga shingoni akila, akizitandaza kwenye ukingo wa ukuta zipate jua.

Zikaanza kupotea. Soksi moja, halafu nyingine ambayo si pacha yake. Kofia nyeupe. Mke wa Kamau, Ciru, si mtu mbaya, na nataka mlijue hilo. Ni mwalimu wa watoto wadogo, mtu wa sauti ya chini, mtu wa kukuwekea nyama kubwa kwenye sahani bila kusema. Lakini alihesabu yale ambayo mtu yeyote angehesabu: msichana ana mtoto nyumbani wa umri uleule, na nguo za mtoto zinapungua. Jioni moja ya Januari, runinga ikiwa imewashwa, akamwita.

"Nekesa, hebu leta begi yako hapa."

"Ya nini, auntie?"

"Leta tu. Kama hakuna kitu, hakuna kitu."

Akaileta. Ciru akaifungulia juu ya meza ya kioo, kitu kimoja kimoja, kwa adabu, na hiyo adabu ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Gauni mbili. Biblia. Mafuta ya nywele. Na chini kabisa, ndani ya mfuko wa karatasi, soksi mbili nyeupe za mtoto.

"Na hizi?"

"Nilinunua Jumamosi, za msichana wangu. Angalia, auntie, bado zimeshonwa pamoja."

Ciru akaziangalia. Akasema, "Kushona kila mtu anaweza."

Sasa nisikilizeni. Mimi nilifanya kazi miaka ishirini na sita katika kiwanda cha nguo, Eneo la Viwanda kule Thika. Ule uzi nilikuwa nauona kutoka pale nilipoketi. Ulikuwa uzi wa mashine ya dukani, pindo moja refu la kufunga pea, uzi ambao mtu hawezi kuuiga kwa sindano ya mkono hata akikesha. Nilihitaji kusema maneno matano tu. Lakini nilikuwa mgeni katika nyumba ya mwanangu, nilikuwa nakula chapati yao, na nikajiambia hayo ni mambo ya mwenye nyumba na mfanyakazi wake. Nikameza chapati. Nekesa alinitazama mara moja tu. Halafu akakunja vitu vyake akavirudisha ndani ya begi, akiyapanga vizuri magauni, na kesho yake asubuhi akaenda. Hakunywa chai. Zile soksi mbili aliziacha mezani, na hakuna aliyeweza kuzigusa kwa wiki nzima.

Mnajua tulivyokuwa tukitoka kiwandani? Wanawake mstari mmoja, mikono juu, na askari wa kike wakitupapasa kiunoni na kwenye matiti, wakitafuta kitambaa. Kila jioni, miaka ishirini na sita. Nilikuwa nikijiambia kwamba siku nikitoka hapo hakuna mtu atakayepekuliwa mbele yangu nikiwa kimya. Na siku ilipofika nilikuwa natafuna. Haya mambo sikuyafikiria jioni ile. Niliyafikiria kesho yake, nikitandika kitanda kilichobaki kitupu, na nikaenda moja kwa moja hadi jikoni nikamwambia Ciru kuhusu ule uzi.

"Mbona hukusema jana, mami?" akaniuliza, na hakuniuliza kwa ubaya. "Sasa hata ukisema, naona ni huruma tu."

Alikuwa na haki ya kuniuliza hivyo. Neno lililochelewa halina nguvu ya kumrudisha mtu.

Ilikuwa kama wiki mbili baadaye. Nilikuwa nimepanda juu kuanua nguo, saa sita na jua kali. Nikaona mwewe amekaa juu ya tangi la maji, akigeuza kichwa hivi na hivi kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Halafu akajiachilia, akapita chini karibu na ukuta wa jengo la jirani, na alipoinuka alikuwa na kitu cheupe miguuni. Hakikuwa kifaranga. Kilining'inia, na upepo ukakikunjua, kikawa kitambaa. Akaenda nacho hadi ile mikaratusi mirefu iliyobaki pale kahawa ilipong'olewa wakauza maploti ya kujenga. Nilisimama nimeshika vibanio mpaka vikaniachia alama kiganjani.

Jioni nikawaambia. Kamau alicheka hadi akaweka kijiko chini. "Mama, mwewe huiba vifaranga. Soksi atavaa wapi?"

"Anatandikia kiota."

"Kimbo hii? Hapa kuna ndege gani, na ni maghorofa tu?"

Ciru hakucheka. Alisema, "Mbona tangu Nekesa aende hakuna kitu kimepotea?" Nikamwambia ni kwa sababu sasa anafua yeye, na amenunua vibanio, hakuna kinachoachwa ukutani. Akanijibu, "Sawa, mami," vile mnavyonijibu nyinyi mkitaka ninyamaze. Na mimi nikaapa hapo mezani, kimyakimya, kwamba nitawaletea huyo mwewe kwenye sahani yao, na kitambaa chake miguuni.

Nilijaribu na simu. Mwewe wa simu ni nukta. Ungeambiwa ni inzi ungekubali. Ndipo nikamkumbuka Mutua, mpiga picha wa Thika aliyekuwa na kibanda karibu na soko, mtu wa passport na wa wanafunzi wa vyuo. Alikuwa amenipiga picha ya kitambulisho, na nilikuwa nimeona kwenye rafu yake lenzi moja nene, ndefu kama chupa ya chai ya lita mbili, imejaa vumbi. Aliinunua akidhani atapiga picha za mpira uwanjani. Hakuna timu iliyomwita. Nikamweleza shida yangu yote, na soksi, na begi. Alisikiliza huku akikata picha za mtu kwa makasi.

"Shosho, hiyo lenzi si ya kuazima."

"Sikuja kuazima. Hayo magauni yako ya graduation yamechakaa kwapa zote. Nani alikushonea, adui?"

Akayaangalia. Yalikuwa majoho meusi matatu ambayo wanafunzi hukodi kupigiwa picha, na kwa kweli yalikuwa aibu. Tukakubaliana. Mimi nitamshonea majoho sita mapya na mapazia ya nyuma, la bluu na jekundu, na yeye atanifundisha ile lenzi, pamoja na kamera yake ya zamani iliyopasuka kioo cha nyuma. Nilikuwa nikienda Thika Jumanne na Alhamisi. Nyumbani nilisema naenda hospitali kwa ajili ya magoti. Sioni haya kwa uongo huo. Magoti yalikuwepo.

Mutua alinipeleka nyuma ya vibanda, penye miti wanapokaa wale korongo wakubwa wa majalala, wenye vichwa vya upara. "Anza na hawa," alisema. "Hawa huruka kama watu waliotoka kula harusini." Ile lenzi ilikuwa nzito kuliko mtoto wa miezi minne. Alinifundisha kubana viwiko kwenye mbavu, kusimama miguu ikiwa imeachana, kuweka spidi ya kamera juu sana ili mabawa yasiwe moshi. Korongo akaruka. Nikapiga. Tukaangalia. Ilikuwa anga tupu. Nikapiga mwingine: anga, na ncha ya mdomo pembeni. Wiki ya kwanza nilipiga picha zaidi ya mia mbili na ungeziona zote ungedhani nimeajiriwa kuhesabu mawingu. Wiki ya pili vivyo hivyo. Mutua alizipitia zote kwa utaratibu, halafu akaniuliza, "Shosho, wewe ulikuwa unarusha mawe?"

"Mbona?"

"Hukosei ovyo. Kila picha uko mbele ya ndege. Unapiga mahali anaenda, si mahali yuko."

Nilikaa chini kwenye ndoo. Kwa sababu ilikuwa kweli. Nikiwa mdogo kuliko huyo mtoto wa Nekesa tuliwekwa katika shamba la mtama kulinda ndege, na kombeo la kamba, tangu umande mpaka jioni. Kombeo halirushwi kwa ndege. Linarushwa mbele yake, ili jiwe na ndege wakutane. Mkono wangu ulijifunza hivyo kabla mimi sijajifunza kusoma, na kwa miaka hamsini hakuna aliyeuambia uache. Nikamweleza Mutua. Akatikisa kichwa. "Jiwe lina safari, lazima ulitangulize. Picha haina safari. Wewe mfuate tu, na ukibonyeza usisimame."

Kufuata nilikuweza haraka. Hilo la kutosimama ndilo lilinishinda mpaka Aprili. Kila nikibonyeza, mikono inasimama, ndege anatoka nje ya picha. Kilichonisaidia ni mashine ya cherehani. Nilikuwa nashona joho la nne hapo kibandani kwa Mutua, pindo refu la chini, na nikaona mikono yangu ikisukuma kitambaa bila kungoja sindano. Sindano inashuka, mikono inaendelea. Ukisimama kila sindano inaposhuka, huna pindo, una vifundo. Alhamisi hiyo nikamfuata korongo mmoja kutoka mtini hadi nyuma ya paa, nikibonyeza njiani kana kwamba kubonyeza si kazi yangu, na Mutua alipoangalia kioo kilichopasuka aliingiza mkono mfukoni. Alienda akaninunulia soda.

Watu huniuliza kama nilipenda. Vijana wa siku hizi lazima kila kitu mkipende. Mimi nilikuwa na hasira. Hasira ndiyo ilinibebea ile lenzi, na sikuona sababu ya kuitupa njiani nikaokota kitu kizuri zaidi. Lakini sitawaficha, mara ya kwanza nilipomwona ndege kupitia kile kioo, akiwa amejaza dirisha lote, unyoya mmoja wa mkia ukigeuka peke yake ili kumgeuza mwili mzima, picha hiyo sikuipiga.

Joho la sita lilipokwisha Mutua akaniruhusu kwenda na kamera nyumbani. Hapo ndipo vita vilianza. Ukisimama juu ya ghorofa Kimbo na chupa nyeusi jichoni, chini yako kuna madirisha mia, na kila dirisha lina mtu anayejidhania ndiye unayemtazama. Wa kwanza kulalamika alikuwa Mama Brayo wa orofa ya tatu. Alimtuma msimamizi wa jengo, akapanda ngazi akihema.

"Shosho, naambiwa unapiga ndege huku juu. Hapa haturuhusu."

"Napiga picha."

Akaangalia kamera, akaangalia mikono yangu, akatulia. "Sasa hapo ni sawa. Mimi nilikuja kuchukua manati."

Kamau hakutulia. Alinisubiri sebuleni, tai bado shingoni. "Mama, acha hiyo maneno. Watu wanasema unachungulia kwa nyumba zao."

"Wafunge mapazia. Kama hawana, nitawashonea."

"Wanasema umeanza kuchanganyikiwa. Hata kanisani nimeulizwa."

"Ukawaambia nini?"

Akalegeza tai. Akasema, "Mama, hii ni nyumba yangu."

"Ni yako. Paa ni la landilodi, na huko juu ya paa si kwa mtu. Kesho saa nne nitakuwa hapo." Na nilikuwepo. Nilikuwepo mvua ya Mei ilipokatika, nilikuwepo baridi ya Julai nikiwa nimejifunga leso mbili na kofia ya Kamau. Ciru akanikuta mara moja amepanda kuanika, akasema, "Mami, na ukimpata, utafanya nini?" Nikamwambia nitamuuliza yeye swali hilohilo.

Mwewe alikuwa akija, lakini mikono mitupu. Au anakuja na mfuko wa plastiki. Au anatoka upande wa jua na ninapata kivuli. Ningeweza kumtegea. Ningeweza kuweka soksi pale ukutani na kungoja, na najua mwingine angefanya hivyo. Lakini nilikuwa nimeshaona namna mtu anavyoonekana mwizi kwa kitu kilichowekwa vizuri mezani, na sikutaka picha ambayo mtu angeniambia nimeitengeneza.

Ilikuwa Novemba, Alhamisi, saa tano na nusu. Mwewe alitoka chini, upande wa orofa ya tatu, akapanda mbele ya tangi la bluu akiwa ubavu kwangu, jua likiwa nyuma yangu. Nilimshika mapema. Nikamfuata, viwiko mbavuni, na nikaacha kidole kifanye kazi yake huku mikono ikiendelea mpaka mikaratusini. Sikuangalia palepale. Nilishuka, nikakaa kitandani, ndipo nikaangalia. Macho ya mwewe yalikuwa wazi. Mkia umegeuka. Na katika kucha za mguu wa kushoto kulikuwa na bibu ya mtoto, ya manjano, yenye bata.

Mutua aliichapa kubwa, kama kalenda. Niliporudi nikakutana na Mama Brayo kwenye ngazi, na akanikazia uso kama kawaida yake, nami nikaifungua hapohapo.

"Hiyo ni ya Brayo," akasema. "Hiyo nimeitafuta tangu Alhamisi." Halafu akakaa kwenye ngazi na ndoo yake. "Mimi nimegombana na mtu kwa sababu ya hiyo bibu. Nimemwambia maneno." Nikamwambia aende akayatoe kabla hayajakauka. Akaenda, ndoo akaiacha hapo.

Jumapili tulitoka kanisani, Ciru akapika kuku, na Kamau akaomba kama kawaida, akamshukuru Mungu kwa kila kilichokuwa mezani. Aliposema amina nikaweka picha katikati, juu ya chapati. Kamau aliisogeza karibu, akaisogeza mbali. Ciru aliinama juu yake. Akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Lakini hii ni bibu ya Mama Brayo. Si nguo yetu."

"Ndiyo," nikasema. "Na Nekesa yuko Bungoma tangu Januari. Niambie ni nani ameichukua."

Akashika kichwa. Kamau akasema, "Mama, tumeona, tumeelewa, haya basi. Nitamtumia ujumbe." Akashika kijiko.

Hapo nikasimama. Nyumba haikuwa yangu, kuku hakuwa wangu, na magoti yalikuwa yananiuma, lakini nilisimama, na hivi ndivyo nilivyowaambia.

"Weka hicho kijiko chini, Kamau. Hakuna ujumbe. Alipekuliwa kwa sauti, mbele ya watu, na atasafishwa kwa sauti, mbele ya watu. Piga simu sasa hivi, uweke spika, na mumwambie amlete mama yake karibu, naye asikie. Mimi nitaanza, kwa sababu uzi niliuona nikanyamaza. Ciru atafuata, halafu wewe. Na mpaka sote watatu tuwe tumemaliza, mtu asiguse chakula."